Nani Mtoro?

Kwenye meza ya nesi palikuwa na vitabu viwili. Cha kwanza kilikuwa rejesta kubwa ya wagonjwa wa kifua kikuu, ile ya serikali, yenye safu nyingi za kujaza. Cha pili kilikuwa kaunta buku ya kununua dukani, imefunikwa kwa gazeti la zamani, na juu ya jalada limeandikwa kwa kalamu nene neno moja tu: WATORO.

Ilikuwa zahanati ndogo ya kijijini, kusini mwa Tabora mjini. Nilikuwa nimekwenda kuandika habari ya maneno mia nne, yenye picha moja, kuhusu vipimo vipya vya TB. Habari niliiandika, ikatoka, ikasahauliwa. Lile neno halikuniacha. Nilijua nimeshalikuta mahali pengine, nikakumbuka baadaye kuwa ni kwenye vitabu vya njia ya misafara.

Kilomita chache kutoka Tabora mjini kuna Kwihara, na Kwihara lipo tembe ambalo David Livingstone na Henry Morton Stanley walikaa mapema mwaka 1872, baada ya kukutana Ujiji. Watalii wachache wanaofika Tabora hupelekwa pale. Wanaelezwa habari za wazungu wawili, wanapiga picha mlango, wanaondoka. Lakini njia ile haikuwa ya wazungu. Ilikuwa njia ya wapagazi, wengi wao Wanyamwezi, waliobeba pembe za ndovu kushuka pwani na vitambaa, shanga na bunduki kupanda bara. Kutoka Bagamoyo mpaka Tabora ulikuwa mwendo wa miezi, na mzigo wa mtu mmoja ulikuwa kama kilo thelathini, mbali na chungu chake na mkeka wake.

Misafara ile ilituachia maneno ambayo bado tunayo mdomoni. Posho. Merikani. Mnyapara. Na mtoro.

Mtoro wa msafara alikuwa mpagazi aliyeondoka kabla ya safari kwisha. Pengine aliondoka na mzigo, pengine aliuacha chini ya mti. Soma kitabu chochote cha wasafiri wa wakati ule, utakuta malalamiko ya watoro karibu kila sura. Stanley mwenyewe, katika kitabu alichokitoa mwaka 1872, anasimulia bila haya jinsi alivyowachapa viboko na kuwatia minyororo. Kwa upande mwingine, Richard Burton, aliyefika Kazeh, yaani Tabora hii hii, Novemba 1857, anaeleza misafara iliyopigwa na ndui na wagonjwa walioachwa njiani. Mzigo wa mgonjwa uligawanywa kwa wenzake, mgonjwa akabaki. Ukisoma maelezo hayo mawili pamoja, utaona jambo. Mpagazi akiuacha msafara, kuna neno la kumwita. Msafara ukimwacha mpagazi, neno hakuna. Wanasema tu safari iliendelea.

Kule pwani nako neno lilikuwa hivyo hivyo. Mtumwa aliyekimbia aliitwa mtoro, na watoro walianzisha makazi yao wenyewe, kama Fuladoyo katika pwani ya Kenya. Kwa bwana wake huyo alikuwa mhalifu. Kwa wajukuu wake ni shujaa. Kwa hiyo neno mtoro halikuhusu tu kilichotendeka. Lilieleza pia anayesema amesimama wapi: amesimama upande wa mwenye mzigo.

Sasa turudi kwenye meza ya nesi. Neno hili lilifikaje zahanati?

Mwaka 1977 Tanzania ilianzisha mpango wa taifa wa kifua kikuu na ukoma. Aliyeusaidia kuujenga ni daktari mmoja kutoka Czechoslovakia, Karel Styblo, ambaye kijana wake kilimpitisha katika kambi ya mateso ya Mauthausen, na huko huko akaugua TB. Wazo lake lilikuwa jepesi kulieleza na gumu kulitekeleza: kila mgonjwa aliyeandikwa aandikiwe na mwisho wake. Amepona, amefariki, amehamia kwingine, au ameacha dawa. Kila robo mwaka watu wahesabiwe, asipotee mtu. Pamoja na rejesta kulikuwa na usimamizi: mgonjwa anameza dawa mbele ya mtu. Kazi iliyofanyika Tanzania ndiyo iliyozaa mkakati ambao Shirika la Afya Duniani liliusambaza katika miaka ya 1990 kwa jina la DOTS.

Nasema hivi kwa sababu ni rahisi kuilaumu rejesta, kuiona kama chombo cha mnyapara. Mimi siioni hivyo. Rejesta ile ilizaliwa na swali zuri kabisa: yuko wapi fulani? Mtu aliyetoka Mauthausen alijua maana ya binadamu kutoweka bila kuulizwa. Ila safu ya "ameacha dawa" ilipofika mikononi mwetu, ikatafuta neno la Kiswahili, na neno lililokuwa karibu likawa lile la msafara.

Kiingereza nacho kilikuwa na makosa yake. Mtu mwenye kikohozi cha muda mrefu aliitwa mshukiwa, utadhani kaiba ng'ombe. Mwaka 2013 Shirika la Afya Duniani likabadilisha istilahi: mshukiwa akawa mtu anayehisiwa kuwa na TB, na aliyeacha dawa akawa "aliyepotea katika ufuatiliaji". Ni afadhali, lakini hapa pia nina shaka. Kupotea hupotea mbuzi. Mtu anayeacha dawa mara nyingi anajua kabisa yuko wapi na kwa nini yuko huko. Ukimwita aliyepotea, umemwondolea lawama, lakini umemwondolea na akili yake.

Siku ile nesi alikuwa anatoka kumtafuta mmoja wa walio kwenye kaunta buku, nami nikaomba kufuatana naye. Alikuwa mzee wa miaka sitini hivi, mrina asali. Wanaoijua Tabora wanajua asali yake inatoka wapi: kwenye misitu ya miombo, mbali na vijiji, ambako warina hupiga kambi kwa wiki na miezi wakishughulikia mizinga yao ya magome. Tulimkuta kwake, amerudi juzi yake, amekaa kwenye kigoda anasafisha ndoo.

"Shikamoo baba," nesi akamwamkia.

"Marahaba mwanangu. Karibuni. Huyu ni askari?"

Nikajitambulisha. Akacheka kidogo, akatuonyesha mkeka.

"Baba, nimekutafuta sana. Miezi miwili na zaidi hujachukua dawa. Kwa nini umetoroka?"

"Mimi sijatoroka. Anayetoroka hujificha. Mimi nilikuwa kambini, mwenyekiti wa kitongoji anajua, na wewe nilikuaga."

"Uliniaga, ndiyo. Nikakwambia usiende."

"Ukanikataza kwenda, na dawa za kwenda nazo hukunipa. Sasa asali inajirina yenyewe?"

Nesi akaeleza kwa upole kwamba haruhusiwi kutoa dawa za muda mrefu hivyo, na hata angeruhusiwa, kabatini alikuwa na za wagonjwa wote za wiki chache tu. Mzee akasikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema maneno ambayo ndiyo sababu ya mimi kuandika makala hii.

"Mwanangu, mwaka jana nilikuja pale kwenu nakohoa. Mara ya kwanza nikapewa dawa ya maji. Mara ya pili, vidonge. Mara ya tatu nikaambiwa anayepima hayupo. Mara ya nne ndiyo nikaambiwa nipeleke makohozi wilayani. Miezi mitano nakohoa. Mimi nilikuwa nakuja, nyinyi hamkuwapo. Siku zile mtoro alikuwa nani?"

Nesi hakujibu mara moja. Mimi, nakiri, nilikuwa nimeshafurahi moyoni. Mwandishi akisikia sentensi kama ile anajua amepata alichokuja kutafuta. Nilikuwa tayari nimempa mzee ushindi.

Ndipo nesi akaonyesha kwa kidevu mlangoni, ambako mtoto wa miaka mitatu hivi alikuwa amesimama akitutazama.

"Huyu analala wapi, baba?"

Mzee akageuka akamtazama mjukuu wake. "Analala na mimi."

"Basi kwake haijalishi nani alianza."

Nimelifikiria jibu hilo kwa muda mrefu, maana lilinitoa kwenye makala rahisi niliyokuwa naiandika kichwani. Makala rahisi ingesema: mfumo ni mbovu, mgonjwa hana kosa. Lakini TB inasafiri kwa hewa. Ukiacha dawa ya mguu, mguu ni wako. Ukiacha dawa ya TB ungali na vimelea, unaamua pia kwa niaba ya wanaovuta hewa ya chumba hicho hicho, na watoto wadogo ndio wanaoumia haraka zaidi. Na dawa yenyewe ina hila. Wiki chache za mwanzo huua vimelea vingi, kikohozi kinakata, uzito unarudi, mtu anajisikia mzima. Vinavyobaki ni vile vizembe, vinavyohitaji miezi kumalizwa. Ukikatisha katikati, vinaweza kuamka, na mara nyingine vikaamka vikiwa sugu.

Hata hiyo miezi sita ina historia yetu ndani yake. Zamani matibabu yalichukua miezi 18 au zaidi. Mwanzoni mwa miaka ya 1970, wagonjwa wa Kenya, Uganda, Tanzania na Zambia walishiriki katika jaribio lililoongozwa na Baraza la Utafiti wa Tiba la Uingereza na madaktari wa Afrika Mashariki, matokeo yakachapishwa mwaka 1972. Lilionyesha kwamba miezi sita inaweza kutosha, dawa ya rifampicin au pyrazinamide ikiongezwa. Mgonjwa wa Mumbai au Lima anayemaliza dawa kwa miezi sita leo anafaidi kazi ya vifua vya watu wa huku. Kumaliza dawa, basi, si amri ya nesi tu. Kuna watu waliobeba mzigo huu mrefu kabla yetu ili sisi tupewe mfupi.

Kwa hiyo wajibu wa mgonjwa ni wa kweli. Siufuti. Swali langu ni jingine: nani ana haki ya kumdai?

Fikiria dawa za Livingstone. Januari 1867 wapagazi wawili walitoroka na mzigo uliokuwa na sanduku lake la dawa, na tangu hapo afya yake ikawa ya kubahatisha. Kila mwandishi wa maisha yake anawataja watoro hao. Lakini mwaka 1869 alipofika Ujiji, mgonjwa wa mapafu, hajiwezi, dawa alizotumiwa hazikuwepo. Zilikuwa zimebaki Unyanyembe, hapa Tabora, mwendo wa siku nyingi mashariki. Hakuna aliyetoroka nazo. Zilikwama tu. Mgonjwa upande mmoja, dawa upande mwingine, njia katikati. Katika tukio la kwanza tuna wakosaji wawili. Katika la pili hatuna hata mmoja, na mgonjwa ni yule yule, na upungufu ni ule ule.

Utafiti wetu wa afya nao umewahi kuhesabu hivyo hivyo. Mwaka 2000 ulichapishwa utafiti wa Mwanza uliopima muda kutoka dalili za kwanza za TB mpaka mgonjwa kuanza dawa. Kwa wastani ilikuwa karibu miezi sita. Sehemu kubwa kabisa ya muda huo iliandikwa kuwa ni ucheleweshaji wa mgonjwa. Sina ugomvi na hesabu ya watafiti. Walipima walichopima, na watu kweli huchelewa. Lakini ndani ya hayo tunayoyaita "mgonjwa alichelewa" mna nauli, mna msimu wa tumbaku, mna duka la dawa lililo karibu kuliko zahanati, na mna aibu ya jirani kukuona umebeba kopo la makohozi. Vitu hivyo havina safu yao. Vyote vinalala kwenye safu ya mgonjwa.

Tukafikiri mashine itatuokoa. Hadubini inahitaji maelfu ya vimelea katika kila mililita ya makohozi ndipo ivione. Mashine ya GeneXpert, iliyopitishwa na Shirika la Afya Duniani mwishoni mwa 2010, inatosheka na mia na ushee, na inatoa jibu ndani ya saa mbili. Ni maendeleo makubwa, na yeyote anayeyabeza hajawahi kukaa kwenye benchi akisubiri. Lakini mwaka 2014 yalitoka matokeo ya jaribio lililofanyika katika nchi nne za Afrika, Mbeya ikiwemo, ambako mashine ziliwekwa kliniki na kuendeshwa na manesi. Wagonjwa wengi zaidi walianza dawa siku hiyo hiyo. Hata hivyo, baada ya miezi sita, hali zao za ugonjwa hazikutofautiana na za waliopimwa kwa hadubini. Sababu mojawapo ni kwamba madaktari walikuwa tayari wanawaanzishia wengi dawa kwa kuangalia dalili tu. Mashine ilifupisha njia moja. Njia nyingine, ile ya kutoka nyumbani mpaka mashine na kutoka jibu la kwanza mpaka kidonge cha mwisho, ilibaki na urefu wake.

Na usimamizi je? Huko Temeke, Dar es Salaam, watafiti wa Tanzania walilinganisha wagonjwa waliomeza dawa mbele ya mtumishi wa kituo na waliosimamiwa mtaani, na ndugu au mtu aliyewahi kuugua TB. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2004 hayakuonyesha tofauti ya maana: kupona kulikuwa sawa. Baadaye mpango wa taifa ukampa mgonjwa nafasi ya kuchagua asimamiwe kituoni au nyumbani. Mimi nausoma ugunduzi huo hivi: kinachomfikisha mtu mwisho si jicho la mnyapara. Ni kuwa na mtu anayejali kama umefika.

Njia ile ile ya Tabora inao mfano wake. Oktoba 1873 ulifika hapa msafara wa ajabu. Livingstone alikuwa amefariki miezi mitano kabla, mbali huko kusini-magharibi, na watu wake, wakiongozwa na Chuma na Susi, walikuwa wameibeba maiti. Hapa walimkuta Mwingereza mwenzake, Verney Lovett Cameron, akawashauri wamzike papa hapa Unyanyembe, yaishe. Wakakataa. Wakaubeba mzigo ule mpaka Bagamoyo, wakafika Februari 1874. Hawakuwa na mnyapara. Aliyewaajiri alikuwa ndiye mzigo wenyewe. Kama kuna watu waliokuwa na kila nafasi ya kutoroka, ni hao. Mtu huumaliza mzigo anaouona kuwa wake.

Basi msimamo wangu ni huu, na mnaoniona nimekosea mnisahihishe. Anayeacha dawa ana deni kwa wanaovuta hewa yake. Deni hilo halifutwi na ubovu wa zahanati, kwa sababu mjukuu hakuhusika na ubovu wa zahanati. Lakini anayelidai deni hilo lazima kwanza ajitaje na yeye kwenye daftari. Mfumo uliomrudisha mtu mara nne bila kumpima, ukakaa miezi mitano bila kumtafuta, unapoamka siku moja na kumwita mtoro, haudanganyi kuhusu yeye. Unadanganya kuhusu wenyewe. Haki ya kumdai mgonjwa amalize inapatikana kwa kuanza naye mapema: kumpima siku aliyokuja, kuuliza anaishije kabla ya kumpangia tarehe, kumpa dawa za kwenda nazo kambini na mrina mwenzake wa kumkumbusha. Hapo akiacha, tunaweza kukaa naye mkekani na kuulizana.

Na nesi? Naye simwachi aonekane mkosaji wa makala hii. Alikuwa peke yake kwenye zahanati yenye foleni ya akina mama na watoto. Kaunta buku aliinunua kwa pesa yake. Nimejiuliza mara nyingi: mtu anayewaona wagonjwa wake kuwa wakosaji tu, angetumia jioni yake kutembea kwenda kuwatafuta? Neno alilirithi. Miguu ilikuwa yake.

Siku ile mzee alitoa makohozi, nesi akayafunga vizuri kwa ajili ya bodaboda wa asubuhi. Nilimpigia simu baada ya wiki tatu. Mzee ameanza dawa upya. Mtoto amepimwa, hana ugonjwa, amepewa dawa za kinga. Na safari hii, nesi akaniambia, amemwomba mzee amletee tarehe za kambi mapema, waone watafanyaje.

Nikamuuliza kuhusu kaunta buku. Akacheka, akasema bado analo lile lile. Ila ameongeza safu moja mkono wa kushoto, kabla ya tarehe ya kuanza dawa. Inauliza: alianza kuja kwetu lini?